Siku Ishirini na Mbili Juu ya Kebo Iliyokatika

Nanga ya makucha ilipotoka majini kwa mara ya kumi na moja, Bi Fundi hakusogea ukingoni kuitazama. Alisimama nyuma ya meli, mikono mifukoni, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akaisikiliza winchi inavyonguruma, inavyokoroma, hadi ikanyamaza. Kisha akamsikia baharia wa winchi akitamka neno moja ambalo bila shaka hakufunzwa na mama yake.

"Tope?" Bi Fundi aliuliza bila kugeuka.

"Hata tope hamna, Bi Fundi. Leo imerudi imeoga."

Imeoga! Chuma chenye uzito wa ng'ombe dume kimeteremshwa tangu saa kumi na mbili alfajiri. Kimechukua saa tatu kufika chini, kimeburuzwa saa nne juu ya sakafu ya bahari, kimechukua saa tatu nyingine kupanda, na sasa, saa kumi jioni, kimerudi kisafi kama sufuria ya mgeni.

Chini ya meli kulikuwa na maji ya kina cha mita elfu nne na mia tatu. Na huko chini, mahali fulani penye giza ambalo hakuna jicho la mtu lililowahi kulizoea, ilikuwa imelala kebo nene kama kidole gumba. Ndani ya kebo hiyo mlikuwa na nyuzi nane za kioo, kila mmoja mwembamba kama unywele, na ndani ya nyuzi hizo zilipita simu, barua, picha na kelele zote za nchi tatu. Sasa kebo imekatika. Huenda ni mtetemeko wa ardhi, huenda ni poromoko la udongo huko chini. Kujua kilichoikata ilikuwa kazi ya wengine. Kazi ya Bi Fundi ilikuwa kuiunga. Lakini huwezi kuunga usichokishika, na kwa siku kumi na moja hawakuwa wameshika kitu.

Nchi kavu ya karibu ilikuwa mwendo wa siku sita. Ndege wa mwisho walimwona siku ya tatu ya safari, akageuza kana kwamba amekumbuka jiko aliloliacha linawaka. Tangu hapo ilikuwa ni maji tu, na si maji ya rangi ile ya kwenye kalenda. Yalikuwa meusi yenye mng'ao, kama wino uliomwagika ukakataa kukauka. Ukiamka unakuta duara lile lile, na wewe katikati yake. Meli ilikwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyedondosha ufunguo kwenye nyasi. Tofauti ni kwamba mwenye nyasi huona alipokwishakanyaga. Bahari kuu haina kumbukumbu. Ulipopita jana na ulipopita leo ni pamoja, na huwezi kunyoosha kidole ukasema: hapa tumeshatafuta.

Wengine wote melini walikuwa na la kufanya. Nahodha aliongoza meli, mabaharia waliendesha winchi, fundi mitambo alilaani mitambo, Mpishi alipika. Bi Fundi na mwenzake wa chumba cha kuungia ndio waliokuwa kama wakunga walioitwa mapema mno. Walipanga vifaa, wakavipangua, wakavipanga tena.

Huyo mwenzake aliitwa Redio. Jina lake la kwenye karatasi walilijua watu wa mishahara peke yao. Alikuwa mtu wa makamo, kichwa chake kipara kinachong'aa kama yai, na kabla ya kuja baharini alikuwa fundi wa lifti mjini. Huko, alisema, ndiko alikojifunza kuongea, maana mtu akikwama kwenye lifti lazima umwongeleshe asipatwe na wazimu. Tatizo ni kwamba hakuacha.

"Mvumilivu hula mbivu, dada," alimwambia jioni ile wakinywa chai.

"Huku hata mbichi hakuna, Redio. Kunywa chai."

Kila asubuhi ilifika barua kutoka makao makuu, kwa njia ya setilaiti. Aliyeziandika walimwita Bwana Lini, kwa sababu barua zake zote zilianza hivyo. *Lini mtashika kebo? Lini mnategemea kumaliza? Lini tutapata jibu la swali la jana?* Nahodha, mtu wa maneno machache, alizibandika kwenye ubao wa chumba cha kulia, watu wazisome wakiwa na kijiko mkononi. Siku ya tisa kuna mtu aliandika kwa kalamu chini ya moja: *Siku ukija kuzamia mwenyewe.* Hakuna aliyekiri, lakini Bi Fundi aliutambua mwandiko, kwa kuwa ulikuwa wake.

Jumapili kila mtu alipewa dakika kumi za simu ya setilaiti. Mume wa Bi Fundi alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayehesabu hata pumzi zake. Simu ilipasuka-pasuka, lakini walisikizana.

"Huku mambo si mazuri, mke wangu," alisema. "Mtandao unatambaa kama konokono. Watoto wa kidato cha nne wameshindwa kujiandikisha mtihani. Juzi nimepanga foleni benki saa tano."

"Pole."

"Na ndugu yangu yuko hapa, anakusalimia. Anauliza..."

"Anauliza nini shemeji?"

"Anauliza kama huko mnalala."

"Mwambie shemeji anisubiri. Nitamletea kipande cha sakafu ya bahari, alale yeye."

Dakika zikaisha hapo. Alitoka amekasirika, zaidi kwa sababu alizitumia dakika zake kumi kwa shemeji, na hakuwa ameuliza habari za goti la mumewe.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameila baharini. Alizaliwa na mama fundi cherehani, katika chumba chenye dirisha moja. Cherehani ilikaa dirishani kupata mwanga, watoto walikula upande wa giza. Alipofika miaka minane, macho ya mama yakaanza kukataa kuona tundu la sindano. Tangu siku hiyo kutunga uzi ikawa kazi yake. Akiwa nje anaruka kamba, anaitwa. Akiwa chooni, anaitwa. "Njoo unitungie!" Alikuja amenuna, akatunga, akaondoka amenuna. Hapo ndipo vidole vyake vilipojifunza kushika kitu chembamba bila kutetemeka, ingawa yeye hakuyaita mafunzo. Aliyaita mateso.

Kampuni ya simu ilipotangaza kazi, waliomba watu arobaini. Wakapewa kila mmoja fungu la nyaya za shaba waziunge. Wengine wakiwa bado wanatafuta ncha, binti wa fundi cherehani aliinua mkono akauliza kama kuna fungu jingine. Nyuzi za kioo zilipokuja, akajifunza nyuzi za kioo. Alipopelekwa melini mara ya kwanza, nahodha wa zamani alimtazama juu hadi chini, akamuuliza kama amekuja kupika. Akamjibu kwamba kupika anajua, lakini hatapika. Tangu hapo akaitwa Bi Fundi, na viungo alivyoviunga vilikuwa vimelala chini ya bahari hii na ile bila hata kimoja kurudi kumshitaki.

Kwa hiyo miaka mitatu nyuma, herufi zilipoanza kumkimbia, hakumwambia mtu. Kila miaka miwili kampuni iliwapima macho mafundi wake. Mara ya mwisho alisimama kwenye foleni nyuma ya mtu mwenye sauti kubwa, akamsikia akisoma ubao mstari kwa mstari, akaukariri. Daktari alimpongeza. Kisha akaenda kwa mchuuzi wa kando ya barabara, akajaribu miwani saba, akanunua ya nane. Melini aliificha ndani ya soksi. Aliivaa kwenye chumba cha kuungia tu, na Redio alipouliza, alisema ni ya kuzuia vumbi.

"Vumbi?" Redio alishangaa. "Huku? Hata mchanga wa kuwekea kaburi hatuna."

"Vumbi la plastiki."

Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuongeza neno.

Siku ya nne ya safari hii, wimbi lilipiga meli ubavuni, Bi Fundi akayumba, akakaa kitandani kwa kishindo. Akasikia *krak* chini yake. Kioo kimoja kilikuwa vipande vitatu. Cha pili kiliruka mahali ambapo hakukipata hata kwa kutambaa na tochi mdomoni. Akajaribu gundi, akapata kitu ambacho hata kuku asingekivaa. Akavitupa vipande baharini, akajisemea kwamba vidole vinajua kazi. Macho ni mashahidi tu.

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, kipimo cha mvuto kwenye winchi kikaanza kupanda.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikwisha danganywa mara mbili na mawe. Baharia wa winchi alipunguza mwendo, akawa anaisikiliza kamba kwa kiganja kama anayempima mtu homa. Kipimo kikapanda tena. Kikakaa pale. Saa tatu na nusu baadaye makucha yalitokeza juu ya maji, na katikati yake ulining'inia uzi mweusi unaochuruzika maji.

"Ndiyo yenyewe!" Redio alimkumbatia Mpishi, Mpishi akamkumbatia fundi mitambo, na Bi Fundi akajikuta anatokwa na machozi kwa ajili ya bomba la plastiki.

Furaha ya baharini haikai. Kebo iliyokatika ina ncha mbili. Waliipima ile waliyoipata, kituo cha nchi kavu upande wa kwanza kikajibu kwamba mwanga unafika. Wakaifunga kwenye boya, wakaiacha ielee. Ncha ya pili iliwachukua siku nne, siku nne za tope, mawe, na tope. Bwana Lini aliandika: *Mlisema mmeipata. Lini sasa?*

Siku ya kumi na saba, alfajiri, ncha ya pili iliingizwa kwenye chumba cha kuungia pamoja na ncha ya kebo mpya. Mpango ulikuwa wa viungo viwili: kwanza waunge kebo mpya na ncha hii, halafu waitandaze kuelekea kwenye boya, wachukue ncha ile nyingine, waunge cha mwisho. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama jiko la nyumba ya kupanga, kina meza moja ndefu, taa nne, na harufu ya spiriti.

Kuunga uzi wa kioo ni kazi ya kumvua nguo mtu aliyelala bila kumwamsha. Unaumenya ngozi yake, unausafisha, unaukata ncha iwe sawa, unaulaza kwenye mashine, mashine inauyeyusha na mwenzake wakawa kitu kimoja. Mara nane. Halafu unazifunika zote, unazilaza ndani ya kalibu ya chuma, unaingiza plastiki ya moto iwe ngozi mpya ya kebo. Ikipoa, unaipiga picha kwa mashine kama ile ya hospitali. Kukionekana uchafu ndani, hata chembe, au pengo la hewa, kiungo hicho ni takataka. Huko chini maji yana uzito wa kupasua chuma, na yatalitafuta pengo hilo hadi yalipate. Hapo unakata yote, unaanza upya.

Bi Fundi aliunga nyuzi nane kwa vidole vyenyewe. Pale macho yalipokataa alirudi nyuma nusu hatua, akakunja uso, akashika pumzi. Mashine ilikubali zote. Redio alimwaga plastiki, huku akisimulia habari ya tajiri mmoja aliyekwama kwenye lifti na mbuzi. Saa kumi na moja jioni walipiga picha.

Redio aliitazama, akaisogeza kwenye taa.

"Nini?" aliuliza Bi Fundi.

"Kuna kitu. Hapa. Mstari."

Yeye aliona kijivu juu ya kijivu. "Naam," alisema, kana kwamba ameuona.

Wakakata. Kesho yake wakaanza upya alfajiri. Nyuzi nane, kalibu, plastiki, mashine. Picha ilipotoka, Redio aliishika kwa mikono miwili, akaiweka chini polepole kama sahani iliyopasuka.

"Tena," alisema.

Hapo maji yakamfika Bi Fundi shingoni. Siku kumi na nane za duara lile lile, nanga tupu, shemeji, Bwana Lini, usingizi wa mang'amung'amu, vyote vilipanda kwa pamoja vikatafuta mlango, na mlango ukawa Redio.

"Ni wewe!" alisema. "Mdomo wako! Unaongea juu ya kalibu kuanzia asubuhi mpaka jioni, mate yanaruka, unatarajia nini? Mbuzi, lifti, mbuzi, lifti! Ungefunga kinywa siku moja tu, siku moja, tungekuwa tunarudi nyumbani!"

Redio alivua glovu zake, moja, halafu ya pili. Akazipanga juu ya meza. Akatoka.

Jioni ile hakusema neno kwenye chumba cha kulia. Watu walianza kusogezeana vitu kwa heshima kama wako msibani. Mpishi alimnong'oneza Bi Fundi, "Redio anaumwa?" Bi Fundi akasema hajui. Kisha Nahodha akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Upepo mkubwa unakuja," alisema. "Nina siku mbili, labda mbili na nusu. Upepo ukinikuta kiungo cha kwanza hakijaisha, nakata, nafunga boya, naondoka. Tutarudi mwezi ujao."

Mwezi ujao maana yake ni kuanza na nanga tena.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa Bi Fundi alimkuta Redio amekwisha fika chumba cha kuungia. Kiungo cha jana kilikuwa mbele yake. Alikuwa amekipasua kwa wembe tangu mapema, tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika ulipo ule mstari.

"Njoo uone," alisema, bila salamu.

Bi Fundi aliinama. Aliona plastiki.

"Nini hiki?"

"Shika." Redio alimwekea kiganjani kitu kisichokuwa na uzito. Ilibidi Bi Fundi akisogeze mbali, kwa urefu wote wa mkono, ndipo kikakubali kuonekana. Kilikuwa unywele. Mfupi, uliojikunja, wenye mvi nusu.

Redio alivua tu kofia yake, akainamisha kichwa mbele ya taa, na kile kipara kikang'aa kote bila hata unyasi mmoja.

Bi Fundi alikaa kwenye kigoda. Nywele zilikuwa zikimtoka chini ya kofia kwenye kisogo, zikaanguka ndani ya kalibu mbele ya macho yake mwenyewe, siku mbili mfululizo, na hayo macho hayakuziona. Nyani haoni kundule, na huyu hata la kwenye kiganja halioni.

"Sioni, Redio," alisema. "Karibu sioni. Mwaka wa tatu sasa."

"Najua."

"Unajua?"

"Dada, safari iliyopita ulilipungia mkono jaketi langu lililotundikwa mlangoni, ukaliuliza limelalaje."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Nilikuuliza ile miwani ni ya nini, ukaniambia vumbi." Alikuwa amekasirika sasa, na hasira ilimfanya mfupi wa maneno. "Mficha ugonjwa kifo humuumbua. Lakini hapa kingetuumbua wote. Na jana umenifanya mimi ndiye mwenye kosa mbele ya meli nzima."

"Nisamehe, kaka."

"Nitakusamehe tukimaliza. Iko wapi hiyo ya vumbi?"

"Niliikalia."

Redio alifunga macho kidogo, kama anayeomba subira kutoka mahali pa mbali. Kisha akamshika mkono akamvuta nje, wakashuka ngazi mpaka jikoni. Mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia, anasoma maandishi ya mkebe. Miwani yake mizito ilikuwa imefungwa kisogoni kwa kamba ya kiatu.

"Mpe hiyo," alisema Redio.

Mpishi alimtazama Bi Fundi, akamtazama Redio, akaelewa jambo au akaamua kutoelewa. Akaivua. "Chumvi naijua kwa kuonja," alisema. "Ila nikimwekea Nahodha sabuni kwenye maharage, mnitetee."

Miwani ile ilinuka vitunguu, na ilikuwa kali kuliko macho yake yalivyohitaji. Ili aone sawa ilimbidi asogeze uso mpaka shubiri moja kutoka mezani, na kila alipoinua kichwa chumba kizima kilizunguka. Alikifunga kichwa kwa kitambaa mara mbili. Lakini uzi wa kwanza ulipolala mbele yake, alishtuka. Aliona ncha yake. Aliona mwanga umekaa juu ya ncha hiyo kama tone. Alikuwa amesahau kwamba nyuzi zina sura.

Alifanya kazi kutwa, akatapika mara moja ndani ya ndoo, akarudi. Redio alimkagua kila hatua kwa tochi, na hakusimulia kitu. Ukimya ule ulimchosha Bi Fundi kuliko kichefuchefu. Kwenye uzi wa sita akashindwa.

"Yule tajiri," alisema bila kuinua uso. "Alitokaje na mbuzi?"

Redio alimulika uzi wa sita kwa tochi, akaukagua. "Mbuzi ndiye aliyetangulia kutoka," alisema hatimaye, na akaendelea kutoka hapo, huku amejiziba mdomo kwa kitambaa.

Picha ilitoka safi. Waliipeleka kwenye mwanga wa mlangoni wakaitazama mara tatu, na mara ya tatu Bi Fundi aliitazama mwenyewe, kwa miwani, akapita kila pembe yake kwa kidole. Kulikuwa hakuna kitu. Siku ya ishirini meli ilitandaza kebo mpya hadi kwenye boya. Siku ya ishirini na moja waliunga kiungo cha mwisho, huku meli imeanza kupanda na kushuka na vikombe vinatembea mezani. Mpishi alichemsha wali ukawa uji, hakuna aliyelalamika.

Siku ya ishirini na mbili, saa nne asubuhi, upepo tayari unavuma, waliishusha kebo majini. Baharia alikata kamba ya mwisho kwa shoka. Kitanzi cheusi kilipiga maji, kikaelea kidogo, kikazama. Bi Fundi alitazama pale kilipoingilia, lakini wimbi lililofuata lilikuja, na hakukuwa na pale tena.

Vituo vya nchi kavu vilijibu kutoka pande zote mbili: mwanga unapita. Bwana Lini aliandika mistari miwili. *Asanteni. Lini mtafika bandarini? Meli ina kazi nyingine.*

Mchana huo Bi Fundi alikwenda chumba cha usukani, akamweleza Nahodha habari ya macho yake, yote, pamoja na ubao alioukariri. Nahodha alimsikiliza huku ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Nashukuru kwa kuniambia," alisema. "Nitaandika kwenye taarifa."

"Lazima?"

"Lazima, Bi Fundi. Unajua hivyo."

Alijua. Hata hivyo alishuka ngazi akiwa na hasira, na hakujua amemkasirikia nani.

Nyumbani alimkuta mumewe anachechemea, goti limevimba, na shemeji yuko kwenye kochi na simu yake mkononi, anacheka na picha.

"Karibu, shemeji!" alisema. "Umeona? Mtandao umerudi wenyewe. Watu wanasema walizima tu, wakawasha."

Mume alimtazama mkewe kwa wasiwasi. Bi Fundi alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaosha mikono muda mrefu. Angeweza kueleza. Ingemchukua saa nzima, na mwishoni shemeji angeuliza kwa nini hawakutumia sumaku.

Kampuni ilimshusha nchi kavu mpaka kamati ya afya ikae. Kamati ilikuwa na watu watano, na kila walipopanga kukutana, mmoja alikuwa safarini. Ilichukua miezi minne. Katika miezi hiyo walimweka makao makuu kupanga ramani za zamani za kebo, kwenye meza iliyopakana na ya Bwana Lini. Bi Fundi alikuwa amejiandaa kumchukia kwa karibu. Akakuta ni mtu mwembamba mwenye simu tatu, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama, na kila simu ikilia, sauti ya upande wa pili husikika hadi kwenye ramani: *Lini?* Hata kumchukia kukakosa raha.

Mwishowe kamati ilikaa dakika ishirini. Wakaamua arudi melini, kwa sharti la kuvaa miwani aliyopimiwa na daktari, na kila kiungo kitiwe sahihi na mafundi wote wawili, yeye na Redio, sawa kwa sawa. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ametia sahihi peke yake. Kwa wiki nzima hakutaka mtu amguse kwa habari hiyo. Wiki ya pili alipanga begi.

Asubuhi ya safari, mlinzi wa geti la bandari alichukua kitambulisho chake, akakitazama, akamtazama yeye.

"Huyu hana miwani," alisema.

"Ni mimi. Miwani nimepewa juzi."

"Mama yangu, nakuelewa. Lakini picha haifanani. Kapige nyingine ofisini."

"Meli inaondoka saa sita!"

"Basi wahi."

Aliivua miwani ili afanane na picha. Mlinzi akasema sasa sawa, lakini kwa kuwa amekwisha kumwona nayo, hawezi kujifanya hajamwona. Wakabishana mpaka foleni ikajipinda nyuma yao. Mwishowe Bi Fundi alikalia begi lake pale pale getini, akamsubiri mpiga picha wa ofisi ya bandari, aliyekuwa ameenda kunywa chai, na aliporudi alimwambia asitabasamu. Hakuwa na mpango huo. Meli ilimngoja, ikaondoka saa nane kasoro robo, naye akiwa ndani yake, kitambulisho kipya kikiwa bado na unyevu mfukoni.